Jezi za Moshi

Waliniletea Jumatatu, kwa toroli la mbolea:
mipira mitatu, mmoja una kidonda,
jezi kumi na nne (namba nane haipo, usiulize),
njumu ndani ya kiroba cha viazi,
pampu isiyo na sindano,
na wavu wa goli uliosokotana kama ugomvi wa mawifi.

"Mama Luti," akasema katibu Obadia Tweve,
"wewe una nyumba kavu."

Nyumba kavu! Hapa Bulongwa,
ambako ukungu hauna hodi,
unaingia, unakaa kwenye kochi, unapoza chai yako;
ambako chumvi inalia ndani ya kopo
na mkanda wa marehemu umeota kuvu msumarini.

Lakini toroli lilishaondoka.

Nina vyumba viwili na jiko la nje.
Uvunguni kuna mbegu ya viazi, imeshachipua,
macho yote yananitazama nikivua viatu.
Nyuma ya mlango kuna jembe, mwavuli,
na koti ambalo simpi mtu.
Nikalisogeza koti.
Nikapigilia misumari,
njumu zikaning'inia kwa kamba zake, kubwa juu, ndogo chini,
kila moja imeshindiliwa gazeti kuukuu
isije ikakunjamana kama uso wa anayedaiwa.
Mipira nikaitia kwenye wavu wa vitunguu,
nikaufunga kenchini, mbali na panya.
Usiku, upepo wa Kitulo ukipenya chini ya bati,
inagongana taratibu, du, du,
kama watu wanaobishana kwa heshima.
Sindano ya pampu nilinunua mnadani kwa hela yangu.
Nikaichomeka kwenye kalenda, mwezi wa saba,
ili aitakaye aombe,
na anayeomba nimjue.

Jezi ndizo zilizonishinda.
Siku nne kwenye kamba, bado unazikamua.
Ya tano nikazipandisha kichanjani, juu ya mafiga,
zikalala na mahindi,
moshi wa kuni za miwati ukapita mikononi na shingoni mwake
mpaka zikakauka kau.

Luti akavaa yake, akanusa bega.
"Mama, tunanuka kama nyama ya akiba."
Nikamwambia nyama ya akiba haiozi.

Ikonda walicheka mabinti wetu walipoteremka kwenye lori.
"Wakaushwa hao! Leteni ugali!"
Nami nilikuwepo, nimebeba ndoo ya maji,
nikajifanya natazama milima.

Dakika ya sitini ukungu ukashuka.
Si ule wa kupita. Ule wa kuketi.
Refa akapuliza filimbi, na hakuna aliyejua imetokea wapi.
Mstari wa chokaa chini ya miguu yangu sikuuona,
nikasikia matope tu, na majina yakiitwa.
Ikonda wakaanza kutupa pasi,
tena nzuri, za miguuni.
Wetu hawakukosea hata mara moja.

"Ulijuaje wa kumpa?" nilimuuliza usiku ule.
"Nilifumba macho," akasema Luti,
"nikafuata jiko letu."

Goli moja. Hakuna aliyeliona,
ila wavu ulitikisika na kipa wao akatukana,
refa akaona huo ni ushahidi wa kutosha.

Saa mbili usiku, toroli mlangoni tena.
Nahesabu kwa mwanga wa koroboi:
mipira mitatu, na kile kidonda kimeongezeka.
Njumu, jozi zote, zimebeba nusu ya uwanja wa Ikonda.
Sindano ipo.
Jezi kumi na tatu.

"Na ya kumi na nne?"
Luti anacheka, anachomoa kitu begani:
jezi ya buluu, imelowa, inanukia sabuni ya unga.
"Wameomba moja yetu. Wanataka wakainuse vizuri.
Wametupa hii."
Naigeuza mgongo. Namba nane.

Nachochea moto.
Naipandisha kichanjani, naibana katikati ya wenzake,
mkono juu ya mhindi.
Itajifunza.